Nimeiacha Dune njiani kwa sababu maneno yake ni ya nyumbani. Wewe uliacha riwaya gani ya kisayansi, na kwa nini?

1. Binti Langoni (Lamu)

Assalamu alaikum, wanajamvi.

Nimekuwa msomaji wa riwaya tangu darasa la sita, na vitabu nilivyowahi kuviacha katikati havifiki vitano. Wiki iliyopita kimeongezeka kimoja, nacho ni Dune ya Frank Herbert, iliyotoka Marekani mwaka 1965, ambayo wapenzi wa hadithi za kisayansi hukutajia kabla ya nyingine zote. Nimeishia katika sehemu ya pili, pale kijana Paul na mama yake walipopokewa na Fremen, watu wa jangwani. Tikiti ya boti ya Mokowe niliyoitia kama alama ingali kwenye ukurasa ule ule, na kitabu kimelala ndani ya kidaka pamoja na vikombe vya bibi.

Wasomaji wengi wa nje husema kwamba waliiacha kwa sababu maneno yake ni mageni mno, hata mwandishi akatia faharasa nyuma ya kitabu. Mimi nimeshindwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Maneno yale nayajua. Nikifika kwenye *naib*, ambaye ni kiongozi wa Fremen, namwona naibu wa chifu na mwavuli wake. *Adab*, kwa mujibu wa faharasa, ni kumbukumbu inayokujia yenyewe na kukudai. Mimi nikilisoma neno hilo namsikia mama akiniuliza kama nimewaamkia wageni. *Baraka*, anasema, ni mtu mtakatifu aliye hai mwenye nguvu za miujiza. Kwetu baraka huombewa sinia ya wali. Lililonifungisha kitabu ni *maula*. Faharasa inasema maana yake ni mtumwa. Nililisoma mara mbili, kisha nikatamka «Mola» kwa sauti, peke yangu, usiku, nikaona siwezi kuendelea.

Riwaya ya namna hii inakutaka usahau ulipo uende sayari ya mbali. Mimi kila nikipanda, neno moja linanishika nguo na kunirudisha Langoni. Je, kuna mwenzangu aliyewahi kuiacha hadithi ya kisayansi njiani? Naomba mtaje na sababu hasa, kwa maana sikubali kwamba ni uvivu.

2. Kijana wa Mkomani

Dada, kwa heshima zote, mimi nailaumu simu. Dune hiyo hiyo niliianza kwenye simu na sikuvuka sura ya nne. Faharasa iko mwisho wa faili, kwa hiyo kila neno lilinilazimu niruke kurasa mia kadhaa, na nikirudi nilikuwa nimepoteza mahali. Kwenye kitabu cha karatasi ungetia kidole kimoja huku na kingine kule. Maneno hayana kosa.

3. Maalim wa Matondoni

Wa alaikumu salaam, Binti Langoni. Umeuliza jambo zito, nami nitajibu lile ninaloweza tu, nalo ni la lugha.

Usimhukumu mwandishi haraka katika *maula*. Neno *mawla* katika Kiarabu ni miongoni mwa yale ambayo wanavyuoni wa lugha huyaita adhdad, yaani maneno yanayobeba maana mbili zinazopingana. Mawla ni bwana, na mawla vilevile ni mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akabaki ameambatana na yule aliyemwacha. Zayd bin Haritha aliitwa mawla wa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa maana hiyo ya pili. Kiswahili kilichukua upande wa ubwana, kikalipandisha neno mpaka kwa Mwenyezi Mungu. Bwana Herbert alichukua upande wa chini, na hata huo hakuupata sawasawa, kwa sababu aliyeachwa huru si mtumwa tena. Kosa lake basi ni la nusu.

Kosa lake kamili liko kwingine. Tazama *taqwa* katika faharasa ile ile, anaposema kwamba maana yake halisi ni «bei ya uhuru». Taqwa inatokana na kujikinga, na sijaona kamusi yoyote ya Kiarabu inayotoa tafsiri ya bei. Hapo ametunga.

4. Mkaa Shela

Mimi nimeisoma mara mbili mpaka mwisho, na sababu yangu ni maji.

Mnakumbuka pale Stilgar, kiongozi wa Fremen, anapoingia mbele ya Mtawala Leto, baba yake Paul, na kutema mate mezani? Walinzi wanashika silaha. Kisha mmoja wa watu wa Leto mwenyewe anamshukuru kwa zawadi ya unyevu wa mwili wake, kwa maana katika nchi isiyo na mvua mtu akikutemea mate amekupa kitu cha thamani. Nilipofika hapo niliinuka nikaenda kusimama kwenye birika letu. Marehemu nyanya yangu alikuwa akituchotea kwa kata ya kifuu, kata tatu za udhu na si ya nne, na samaki wale wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu wakijificha ndani ya bakuli la kichina lililozamishwa chini. Sikuhitaji faharasa kumwelewa Stilgar.

Tena kitabu chenyewe kilianzia kwenye mchanga kama wetu. Mwaka 1957 Herbert alikwenda Florence, katika jimbo la Oregon, kuandika makala juu ya kazi ya idara ya kilimo ya Marekani iliyokuwa ikipanda nyasi ili kuuzuia mchanga unaohama usifunike barabara na nyumba. Makala hayo hayakuchapishwa, lakini utafiti wake ukamzalia riwaya. Sisi tulio chini ya vilima vya Shela tunajua kwamba mchanga si kitu kikavu tu. Mvua hunywea ndani yake, maji matamu yakakaa juu ya yale ya chumvi, na visima vinavyounywesha mji wa Lamu vinategemea hapo. Ukivikata vilima hivyo au ukivuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda. Mtu wa Shela anayeiacha Dune amekiacha kitabu kinachozungumza juu ya kisima chake.

5. Binti Langoni

Ahsanteni sana. Maalim, umenipunguzia uchungu wa *maula*, ingawa haujaisha.

Mkaa Shela, hadithi ya kata tatu imenigusa, na nakiri kwamba kurasa za maji ndizo nilizozisoma kwa raha. Lakini wewe umeingia kwa mlango wa birika, nami nimeingia kwa mlango wa chuoni. Chukua jina analopewa Paul, *Muad'Dib*. Kwa Fremen ni panya mdogo wa jangwani. Kwangu ni *muaddib*, mwenye kutia watu adabu, na nimekaa mbele ya mtu wa namna hiyo kwa miaka saba nikiwa na ubao na wino. Mwandishi amechukua jina la mwalimu akampa panya, kisha ananitaka nisijali.

6. Mkaa Shela

Dada yangu, hapo naomba nikusahihishe, kwa sababu ulikiacha kitabu karibu sana na jibu. Paul anapolichagua jina hilo, Stilgar anamweleza kwamba panya huyo ana hekima ya jangwa, hujitengenezea maji yake mwenyewe na hujificha jua, na kwamba wao humwita mwalimu wa wavulana. Herbert aliijua maana. Wanafunzi wa jangwani humtazama panya ili wajue namna ya kuishi. Panya ndiye aliyepandishwa hapo, na mwalimu hakushushwa.

7. Msomaji wa Barani (Malindi)

Hamjambo. Napenda kuleta sababu ambayo haijatajwa.

Dune haikuandikwa ili isomwe kama tunavyoisoma. Ilitoka kwanza katika jarida la Analog kwa vipande vinane: vitatu kuanzia Desemba 1963 hadi Februari 1964, na vitano kuanzia Januari hadi Mei 1965. Msomaji wa kwanza alisoma sehemu, akangoja mwezi mzima, na kati ya kundi la kwanza na la pili alingoja karibu mwaka. Alikuwa na nafasi ya kuzungumza na wenzake na kuyazoea maneno polepole. Ilipofika wakati wa kuifanya kitabu, zaidi ya wachapishaji 20 waliikataa, na aliyeikubali, Chilton, alikuwa akijulikana zaidi kwa vitabu vya mafundi wa magari. Nadhani wengi wa waliokataa waliona kile anachokiona msomaji anayeiacha leo, kwamba ni mzigo mkubwa mno kwa mkupuo mmoja.

Mimi niliiacha mara mbili. Ya tatu nikajiwekea sura moja kwa wiki, kila Ijumaa jioni, na ikanichukua karibu mwaka. Binti Langoni, hukushindwa na *naib*. Umekunywa kwa mkupuo mmoja kilichokusudiwa kunywewa kwa miezi kumi na minane.

8. Mama wa Faza

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka 26 na sasa nimestaafu. Naomba mnisikilize.

Watoto wetu hukutana na riwaya kama kitabu teule cha mtihani. Wanasoma riwaya moja kwa miaka miwili, sura kwa sura, wahusika na maudhui, na hakuna anayeruhusiwa kuiacha. Mtu huyo akitoka shuleni hajui kuacha kitabu, kwa sababu hajawahi kupewa ruhusa, na hajui kukichagua pia. Basi akikutana na kitabu kigumu anachokisoma kwa hiari yake, ama anajilazimisha mpaka anachukia kusoma, ama anakiacha kwa aibu na hasemi kwa mtu. Nimewaona wanafunzi wangu wenye akili nzuri wakiacha kusoma kabisa kwa sababu ya kitabu kimoja walichoona haya kukiacha.

Mwanangu Binti Langoni, umekiacha na umelisema mbele za watu. Sina hakika kama tatizo ni maneno, lakini kusema kwako ni jambo jema.

9. Kijana wa Mkomani

Mama, shikamoo. Tulikisoma kitabu teule darasani kwako, na mpaka leo naweza kutaja maudhui yake yote, ila sikumbuki kama nilikipenda.

10. Mwana wa Ngomeni (Malindi)

Habari zenu. Mimi niliiacha Dune katika sehemu ya tatu, zikiwa zimebaki kurasa chache kuliko nilizosoma, na sababu yangu itawashangaza: hakuna bahari.

Nimezaliwa Ngomeni. Najua bamvua na maji mafu, na nimelala maisha yangu yote nikisikia maji. Sayari nzima isiyo na pwani wala mvuvi ilinielemea kifuani. Mkaa Shela anasema ukavu ule ulimfundisha thamani ya birika. Mimi ulininyima pumzi. Hadithi za angani hazinishindi, kwa maana sisi tumekua nazo. Mbele ya kijiji chetu, baharini, kuna majukwaa ya Waitaliano, San Marco na Santa Rita, yaliyosimama kwa miguu ya chuma, na kutoka hapo roketi za Scout zilirushwa tangu mwaka 1967 hadi 1988. Palichaguliwa kwa sababu tuko chini kidogo tu ya ikweta, ambapo mzunguko wa dunia una kasi kubwa zaidi na huisaidia roketi, na kwa sababu upande wa mashariki ni bahari tupu. Babu yangu alisimulia siku walizoambiwa wasitoe ngalawa, na jinsi moshi ulivyobaki umesimama hewani baada ya sauti kwisha. Setilaiti ya San Marco 2 ilipaa pale Aprili 1967, ya kwanza kurushwa kutoka Afrika. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ikapaa nyingine iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kutazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota.

Sasa niambieni, mtoto aliyeona hayo ataogopaje roketi kitabuni? Kilichonishinda ni kiu.

11. Msomaji wa Barani (Malindi)

Jirani, habari za Uhuru ni sahihi, na inafaa kuongeza kwamba vipimo vyake ndivyo vilivyosaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miale hiyo angani, huenda ni shimo jeusi, na kwamba Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Lakini San Marco 2 haikuwa ya kwanza kutoka Afrika. Wafaransa waliirusha Astérix kutoka Hammaguir, katika jangwa la Algeria, tarehe 26 Novemba 1965. Jangwani, na katika mwaka ule ule wa Dune.

12. Mwana wa Ngomeni (Malindi)

Nimekubali, nimesahihishwa. Basi yetu ni ya kwanza kutoka baharini. Hilo silitoi.

13. Mtenzi wa Siyu

Salaam kwa wote. Nimesoma uzi wote tangu juu, na naona hakuna aliyegusa lile lililonitoa mimi.

Kila sura ya Dune inafunguliwa kwa maneno machache kutoka katika vitabu vya Binti Mfalme Irulan, ambaye ameandika historia ya mambo hayo baada ya kwisha. Kabla msaliti hajafanya lolote, tumeshaambiwa kwamba atamsaliti bwana wake, na jina lake tumepewa. Wengi wa rafiki zangu wanaipenda mbinu hiyo, na nilitarajia niipende, kwa sababu sisi watu wa tenzi tumezoea. Anayesikiliza Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, anajua tangu beti za kwanza kwamba Waislamu watamshinda Herekali, mfalme wa Warumi. Hakuna anayekwenda kuusikiliza ili ajue mwisho.

Lakini utendi una sauti. Mwisho ukishajulikana, kinachobaki ni namna: vina, mizani, koo la msomaji, na watu wanaoitikia. Katika riwaya ya kusomwa kimya, nikishaambiwa nani atasaliti na nani atakufa, nabaki na karatasi. Niliisoma mpaka usaliti ulipotokea, nikaona ahadi imetimizwa, nikafunga kitabu bila hasira yoyote. Kwangu mimi haikuwa kushindwa, kwa kuwa hadithi ilikuwa imeshakwisha pale.

14. Mama wa Faza

Mtenzi, je, uliwahi kuisoma kwa sauti? Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikuwa hawaielewi aya mpaka mmoja wao aisome wenzake wakisikiliza.

15. Mtenzi wa Siyu

Sikuwahi, Mama. Nitaazima nakala na kujaribu sura ya kwanza, ile ya sanduku la maumivu, mbele ya binamu zangu.

16. Bi Mkunguni

Yangu ni fupi. Nilinunua riwaya ya kisayansi ya mitumba mjini, kwa muuzaji ambaye simtaji, nikaisoma kwa hamu kubwa mpaka katikati, kumbe kurasa 32 hazimo. Zilikatwa kwa uangalifu kwenye mshono, hata kitabu kikifungwa huoni pengo. Mhusika alikuwa ndani ya chombo chenye hewa ya saa mbili, na ukurasa uliofuata anazungumza na mtu nisiyemjua katika mji nisioujua. Nilirudi kudai, nikaambiwa kilichouzwa hakirudi. Ni miaka tisa sasa, na bado sijui alipumuaje. Nyinyi mnaoziacha kwa hiari yenu mna bahati kubwa.

17. Mwanafunzi wa Kilifi

Shikamooni wakubwa. Nataka kurudi kwenye hoja ya kwanza ya dada Binti Langoni, kwa sababu naona imeachwa nyuma.

Anasema neno la nyumbani linamtoa katika sayari ya mbali. Nami nimesoma riwaya ambamo neno la nyumbani ndilo mlango wenyewe wa kuingilia. Ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa 1995, ya mwandishi wa Pwani hii hii aliyefariki mwaka 2004. Dzombo amehukumiwa kifo, lakini anajikuta amefika katika nchi ya ajabu iitwayo Walenisi, ambako mambo yaliyoharibika kwao yamenyooka. Ukilitamka jina hilo polepole unasikia «wale ni sisi». Mwandishi hakukusudia usahau ulipo. Alikusudia ufike mbali kisha ujitambue. Niliimaliza kwa siku mbili nikiwa na homa.

Kwa hiyo nadhani ujuzi wa neno peke yake hauzuii safari. Inategemea ni nani anayelishika. Mkangi analishika kama mtu anayejua kwamba msomaji wake analijua. Herbert alimwandikia msomaji wa Marekani wa miaka ya sitini, ambaye *naib* na *maula* kwake ni sauti za kupendeza tu. Wewe dada hukuwamo katika hesabu yake, na nadhani ndicho ulichokisikia usiku ule.

18. Binti Langoni

Mwanafunzi, nimelisoma chapisho lako mara tatu. Naona uchungu wenyewe ulikuwa huo, na mimi niliuita maneno kwa kukosa jina lake.

19. Mkaa Shela

Siafiki kikamilifu. Panya na mate ya Stilgar vinaonyesha mtu aliyesikiliza kwa makini, hata kama hakutuandikia sisi. Mtu anaweza kukusahau katika hesabu yake na bado akasema kweli juu ya kisima chako.

20. Msafiri wa Kizingitini

Kama ni kutokuwamo katika hesabu, basi sikilizeni langu, kwa maana hapo mimi sikuwa na shaka hata kidogo. Nilipata tafsiri ya Kiingereza ya riwaya ya kwanza ya Jules Verne, ile ya mwaka 1863 juu ya wiki tano katika puto. Nilifurahi sana kuona safari inaanzia Zanzibar na kupita juu ya bara hadi magharibi. Nilitaka kumwona mwandishi wa Ufaransa akiipitisha puto yake juu ya nchi zetu. Mtambo wa kuipasha joto gesi ili puto ipande na kushuka bila kutupa uzito ameueleza kwa ustadi, na nilikaa nao jioni nzima nikichora. Kisha nikafika mahali ambapo wasafiri wanadhani wamezingirwa na wenyeji, kumbe ni nyani, na wao kwa wao wanasema kwamba tofauti si kubwa. Kimeandikwa kama kichekesho. Nilikifunga kitabu hapo hapo, na sijakifungua tena.

Hapo hapana faharasa wala simu inayohusika. Ziko riwaya ambazo kuziacha ni wajibu.

21. Maalim wa Matondoni

Ndugu yangu Msafiri, nakuunga mkono katika kukifunga. Nauliza tu kama wajibu huo unakwenda mpaka mwisho. Mimi huvisoma vitabu vya watu waliotudharau kwa kalamu mkononi, kwa sababu dharau isiyosomwa haijibiwi. Lakini mimi nina umri wa miaka 67 na ngozi yangu imekuwa ngumu. Kijana wa miaka 15 simpi kitabu hicho.

22. Msafiri wa Kizingitini

Maalim, nilikuwa na miaka 16.

23. Kijana wa Mkomani

Nimerudi. Baada ya kuwasoma nilikwenda kuitafuta Dune ya karatasi ili nipime dai langu la simu, na sikuipata. Msomaji wa Barani, ile ratiba yako ya Ijumaa naiweza nikipata nakala. Naomba tu isiwe ya muuzaji wa Bi Mkunguni.

24. Msomaji wa Barani (Malindi)

Yangu iko kwa Mwana wa Ngomeni tangu mwaka juzi. Jirani, kama umeshindwa na kiu, nirudishie.

25. Mwana wa Ngomeni (Malindi)

Zimenibakia kurasa 90 na nyongeza ile ya nyuma ya kitabu juu ya mimea. Baada ya maneno ya Mkaa Shela kuhusu nyasi na mchanga, nimeiona nyongeza hiyo kwa jicho jingine. Inaeleza jinsi mwanasayansi wao alivyopanga kuanza na nyasi za kushika vilima, kisha mimea mikubwa zaidi, kwa hesabu ya vizazi na vizazi, ili siku moja maji yakae wazi juu ya ardhi. Kumbe mtu mmoja katika sayari ile alikuwa na kiu kama yangu. Nipe mwezi mmoja, jirani.

26. Binti Langoni

Kijana wa Mkomani, usitafute zaidi. Nakala yangu nitaifunga katika karatasi na kuiacha kwa muuza kahawa wa pale gatini, kesho baada ya Alasiri. Nimeandika kwa penseli pembeni maana ya kila neno nililolijua, mpaka nilipoishia, kwa hiyo nusu ya kwanza hutahitaji kuruka kwenye faharasa. Kuanzia hapo utakuwa peke yako, ila kwenye *taqwa* mfuate Maalim.

Tikiti ya boti iliyo ndani tafadhali usiitoe. Sijaamua bado.